Istilahi Zipo, Maandishi Yako Wapi? Fizikia ya Plazma Kama Kipimo cha Kiswahili

Utangulizi

Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mnamo mwaka wa 2021, hotuba za kukisifu Kiswahili zimekuwa nyingi kuliko hapo awali. Aghalabu hotuba hizo hurudia dai moja: kwamba Kiswahili kinaweza kufundishia sayansi katika viwango vyote. Wanaolipinga dai hili husema kwamba Kiswahili hakina msamiati. Wanaolitetea huwajibu kwa kuorodhesha kamusi. Mjadala umezunguka papo hapo kwa miongo mingi, mfano wa ngamia wa kinu, na hakuna upande uliosogea hatua.

Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zimeliuliza swali vibaya. Msamiati si tatizo kuu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka wa 1990, na tangu hapo orodha za istilahi zimeendelea kuundwa. Kilichokosekana ni nathari: kurasa ambamo istilahi hizo zinafanya kazi, zinashikana, zinaeleza jambo gumu kwa msomaji asiyelijua hadi akalijua. Istilahi isiyoingia katika sentensi ni sawa na mbegu iliyohifadhiwa ghalani mwaka baada ya mwaka. Hatimaye haioti tena. Na maadamu kuandika nathari ni fani ya fasihi, lawama ya pengo hili haiwezi kuwaangukia wanasayansi pekee. Sehemu yake kubwa ni ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wenyewe.

Jina lilipaa, maelezo yakabaki

Ushahidi wa pengo hilo haupo mbali. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza anga kwa miali ya eksirei. Kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi mwenyeji, ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Miongoni mwa mambo iliyoyagundua ni kwamba makundi makubwa ya galaksi yamejaa gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi, yaani plazma. Jina hilo limo katika vitabu vya unajimu vya lugha nyingi duniani.

Hata hivyo, neno la Kiswahili lilipopaa angani, maelezo ya Kiswahili yalibaki chini. Mwanafunzi wa leo anayetaka kujua Uhuru iliona nini hana budi kusoma kwa Kiingereza. Lugha ilikopesha jina, lakini haikupata faida ya mkopo huo.

Eldoret nako kuna mfano wake. Katika Chuo Kikuu cha Moi kiliwekwa kipokezi cha mawimbi ya setilaiti za GPS, ambacho watafiti wa anga ya juu wanakitambua kwa herufi MOIU. Data zake, pamoja na zile za Malindi, Nairobi na Mbarara, zimetumiwa katika tafiti za ayonosfia, lile tabaka la anga ambamo mwanga wa jua huzichambua atomu na kuzigeuza kuwa plazma. Baada ya jua kutua, hasa katika miezi inayozunguka Machi na Septemba, plazma iliyo juu ya ukanda wa ikweta huweza kuyumba, ikafanya mapovu makubwa yanayopanda juu na kuvuruga mawimbi ya redio. Matokeo ya tafiti hizo yamechapishwa kwa Kiingereza. Mkulima wa Chepsaita, katika eneo la Turbo upande wa kaskazini-magharibi mwa Eldoret, analima mahindi chini ya anga iliyopimwa na kuandikwa, ila haikuandikwa kwa lugha yoyote anayoitumia sokoni.

Kipimo kigumu

Anayedai kwamba Kiswahili kinaweza kueleza sayansi anapaswa kukubali kipimo kigumu. Usanidimwanga na mzunguko wa damu si kipimo tosha. Mambo hayo yalikwisha kuelezwa. Na lichukuliwe basi jambo ambalo hata wanafizikia hulihesabu kuwa gumu: mawimbi yanayozuka ndani ya plazma iliyofungwa kwa sumaku katika maabara, na msukosuko unaotokana nayo.

Gesi ikipashwa moto vya kutosha, elektroni hujitenga na atomu. Kinachobaki ni mchanganyiko wa elektroni zenye chaji hasi na ioni zenye chaji chanya. Mwanakemia wa Marekani, Irving Langmuir, aliuita mchanganyiko huo plazma mwaka wa 1928. Plazma ya joto kali haiwezi kuwekwa ndani ya chombo cha kawaida, kwa kuwa ikigusa ukuta hupoa, na ukuta nao huharibika. Kwa sababu hiyo hufungwa kwa uga wa sumaku. Chembe yenye chaji haiwezi kuukata uga huo moja kwa moja. Huuzunguka msitari wake kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, ila kigingi chenyewe huweza kuteleza mbele na nyuma kuufuata msitari. Basi kuufuata uga ni rahisi. Kuukata ni vigumu.

Sasa ichukuliwe plazma iliyo katika umbo la mwanzi mrefu, uga wa sumaku ukipita kwa urefu wake. Katikati chembe zimesongamana. Kandokando ni chache. Hali hii inafanana na chungu ya mahindi iliyomwagwa juu ya turubai wakati wa kuanika. Chungu ina nguvu iliyofichika: punje za juu zinasubiri tu kisingizio cha kuporomoka. Katika plazma, sumaku ndiyo inayozuia poromoko hilo. Swali ni hili: je, plazma yaweza kupata njia ya kuponyoka?

Yaweza, na njia yenyewe ni ya ajabu. Kwenye uga wa sumaku, chembe ikisukumwa upande mmoja na nguvu ya umeme haiendi upande huo. Huenda upande wa kukingama nao. Dereva aliyewahi kupita katika barabara ya udongo ya Chepsaita wakati wa masika analijua jambo linalokaribiana na hili: injini inasukuma mbele, gari linaserereka kando. Tofauti ni kwamba gari huserereka ovyo, ilhali plazma huserereka kwa kanuni, daima kuukingama uga wa umeme na uga wa sumaku kwa pamoja, na ioni na elektroni huserereka pamoja kwa kasi moja.

Tuseme sasa kwamba kumetokea kikunjo kidogo: hapa plazma nzito imetokeza nje kidogo, pale plazma nyepesi imeingia ndani. Elektroni ni nyepesi mno. Ioni ndogo kuliko zote, ile ya hidrojeni, inaizidi elektroni uzito mara 1,836. Penye msongamano, elektroni hukimbia upesi kuufuata uga kuelekea penye uhaba, zikaziacha ioni nyuma. Hivyo kilele cha msongamano hubaki na umeme chanya, na bonde lake hubaki na umeme hasi. Kati ya kilele na bonde huzuka uga wa umeme, nao huiserereshea plazma nje kwa upande mmoja wa kilele na ndani kwa upande wa pili. Pale inaposererekea nje, plazma nzito ya katikati inafika na kujenga kilele kipya. Kilele cha zamani kinatoweka. Kwa njia hiyo kikunjo kinasafiri kuuzunguka mwanzi. Hilo ndilo wimbi lenyewe.

Iwapo elektroni zitajibu papo hapo, wimbi litasafiri tu, lisikue wala lisipungue. Hatari huanza elektroni zinapochelewa, kwa mfano kwa kugongana na ioni njiani. Hapo umeme huwa nyuma kidogo ya msongamano. Mserereko wa kwenda nje sasa hauangukii ubavuni mwa kilele pekee. Unaangukia hata mahali ambapo plazma tayari ni nzito, ukaisukuma zaidi nje. Kikunjo kinakua, na kadiri kinavyokua ndivyo kinavyozidi kujisukuma. Ucheleweshaji mdogo unatosha kuifungulia njia nguvu yote iliyokuwa imefichika katika chungu. Mawimbi mengi yakikua pamoja hupigana, huvunjika na kugeuka vizingia vinavyozunguka, na joto la katikati huvuja hadi ukutani. Huo ndio msukosuko.

Maelezo hayo hayakuhitaji istilahi mpya hata kumi. Yalihitaji mwandishi aliyekubali kulielewa jambo kabla ya kulitafutia majina.

Historia yenye funzo

Jambo lenyewe lina historia inayostahili kusimuliwa. Katika miaka ya 1940, David Bohm alitambua kwamba plazma huvuja kuliko ilivyotarajiwa. Kwa nadharia ya wakati ule, sumaku ikiongezwa nguvu maradufu, uvujaji ulipaswa kupungua hadi robo. Kwa mujibu wa kanuni ya Bohm, ulipungua hadi nusu tu. Wanadharia wa Kisovieti, Rudakov na Sagdeev, walieleza msingi wa kuyumba huku mwaka wa 1961. Majaribio yalifanyika Princeton, Marekani, katika mtambo ulioitwa Q, herufi iliyotokana na neno lenye maana ya utulivu. Ndani yake, mvuke wa metali kama vile potasiamu au sesiamu uligeuzwa kuwa plazma kwa kugusa bamba la metali lililopashwa moto mkali. Katika mtambo huo wa utulivu, D'Angelo na Motley waliona mawimbi hayo mwaka wa 1963, na mwaka wa 1968 Hendel, Chu na Politzer wakayabainisha kwa vipimo na kuonyesha kwamba yanaongeza uvujaji. Penye utulivu ndipo fujo ilipotambulikana. Kikulacho, kama wasemavyo wahenga, ki nguoni mwako.

Mwaka wa 1978, Wajapani Hasegawa na Mima walichapisha mlinganyo mfupi wa kueleza msukosuko huo. Ilidhihirika kwamba umbo lake ni sawa na la mlinganyo ambao wataalamu wa hali ya hewa walikwisha kuutumia kwa mawimbi makubwa ya angahewa. Yaani kilicho ndani ya mtambo wa maabara na kilicho katika anga ya dunia vinafuata hesabu za aina moja. Na kama vile sayari ya Mshitarii inavyojizungushia mikanda ya upepo, msukosuko wa plazma nao huweza kuzaa mikondo inayouzunguka mwanzi na kuvikatakata vizingia vilivyoizaa. Fujo hujitilia hatamu.

Masilahi yaliyomo si madogo. Mitambo ya aina ya tokamaki, ambayo asili yake ni mapendekezo ya Tamm na Sakharov wa Muungano wa Sovieti mwanzoni mwa miaka ya 1950, inatafuta kuunganisha viini vya hidrojeni kama jua lifanyavyo, ili kupata umeme. Mwaka wa 1982, Fritz Wagner na wenzake katika mtambo wa ASDEX, Ujerumani, waligundua hali ambayo uvujaji hupungua ghafla pembeni mwa plazma. Mwaka wa 2023, mtambo wa JET ulioko Uingereza ulitoa megajuli 69 za nishati katika jaribio moja, kabla ya kufungwa mwishoni mwa mwaka huohuo. Mtambo mkubwa zaidi, ITER, unajengwa Ufaransa, na plazma yake inakusudiwa kufikia nyuzi milioni 150. Kinachowasumbua wajenzi wa mitambo ya namna hiyo ni, kwa sehemu kubwa, msukosuko ulioelezwa hapo juu.

Neno lipi lifae?

Katika maelezo yaliyotangulia, neno mserereko limetumiwa kimakusudi. Kiingereza hutumia neno la mashua iliyokatika nanga ikachukuliwa na maji. Mtafsiri mwenye haraka angeweza kukimbilia arijojo, neno zuri la pwani kwa tiara iliyokatika uzi. Lakini arijojo ni kwenda bila mwelekeo, na plazma ina mwelekeo mahususi. Neno hilo lingemfundisha mwanafunzi uongo. Wa pili angependekeza mchepuko, kwa kuwa kuchepuka ni kwenda kando. Maana ni karibu, ila neno hilo limekwisha kutwaliwa na mitaa kwa shughuli nyingine, na mwalimu atakayelitamka mbele ya kidato cha nne asitarajie utulivu wa mtambo wa Q. Mserereko nao una dosari: watu wengi hulihusisha na kuteremka. Hata hivyo, unabeba wazo la kwenda pasipo kuelekezwa na msukumo, nalo ndilo kiini cha dhana.

Funzo hapa si kwamba mserereko ndilo neno sahihi. Yamkini litapatikana bora zaidi. Funzo ni kwamba maneno hayo matatu hayangeweza kupimwa katika orodha. Katika orodha yote yanafaa. Katika aya, moja linapotosha, la pili linachekesha, la tatu linavumilika. Orodha haimwambii mtunzi kwamba amekosea. Aya humwambia. Ndiyo sababu istilahi zinazotungwa mezani, zikachapishwa bila maandishi, hufa bila hata kupata nafasi ya kukosolewa.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba sayansi ina lugha yake, nayo ni Kiingereza. Historia inakanusha. Newton alichapisha kitabu chake kikuu cha mwaka wa 1687 kwa Kilatini. Kitabu chake kuhusu mwanga, cha mwaka wa 1704, alikichapisha kwa Kiingereza. Kiingereza hakikuzaliwa lugha ya sayansi. Kilifanywa kuwa hivyo na walioamua kukiandikia. Hata plazma ni neno la asili ya Kigiriki lililokuwa tayari likitumika kwa majimaji ya damu, na tokamaki ni neno la Kirusi. Kukopa si aibu ya Kiswahili pekee.

Pingamizi la pili ni kwamba maandishi hayo hayana wasomaji, maadamu mitihani ni ya Kiingereza. Hili lina uzito. Tume ya Makweta nchini Tanzania ilipendekeza mwaka wa 1982 kwamba Kiswahili kifundishie shule za upili, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Nchini Kenya, Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini darasa la fizikia halikubadilika kwa sababu hiyo. Hata hivyo, kungojea sera ndipo maandishi yaandikwe ni kungojea mto ukauke ndipo daraja lijengwe. Watunga sera husema hakuna vitabu. Waandishi husema hakuna sera. Mmoja hana budi kuanza, na mwandishi ndiye asiyehitaji kibali cha bunge. Isitoshe, kusoma si kwa ajili ya mtihani pekee. Mwanafunzi wa Chepsaita anayeongea Kinandi nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani hatapoteza chochote akiisoma fizikia mara mbili. Pengine mara ya pili ndipo atakapoielewa.

Pingamizi la tatu husemwa kwa sauti ya chini katika idara za Kiswahili zenyewe: kwamba mwanafasihi hajui fizikia. Ni kweli, na hakuna anayemtaka awe mwanafizikia. Anatakiwa kuuliza mpaka aelewe, kisha aandike. Pwani ilijenga msamiati wa kusi na kaskazi, wa bamvua na maji mafu, kwa sababu manahodha na washairi waliishi pamoja na kusikilizana. Katika vyuo vingi vya leo, idara ya Kiswahili na idara ya fizikia zinatenganishwa na uwanja mmoja wa nyasi, na kwa miaka mingi hakuna aliyeukata.

Hitimisho

Kinachopendekezwa hapa ni kidogo, na kinaweza kuanza muhula ujao. Kwanza, kila mwanafunzi wa uzamili anayeandika kuhusu tafsiri au istilahi na aambatanishe na orodha yake insha ya kurasa tano inayozitumia istilahi hizo kumweleza msomaji wa kawaida jambo moja la kisayansi, baada ya kuketi na mtaalamu wa jambo hilo. Insha hiyo ikaguliwe na mtaalamu kwa usahihi, na isomwe na mwanafunzi wa shule ya upili kwa uelewekaji. Pili, wahadhiri waitahini kama wanavyotahini uchambuzi wa riwaya, kwa kuwa nayo ni nathari. Tatu, majarida ya vyama vya wanafunzi wa Kiswahili yatenge kurasa za insha hizo katika kila toleo. Nne, istilahi itakayoshindwa katika insha iachwe bila majonzi, hata kama imo katika kamusi.

Kiswahili hakitaingia maabara kwa kubebwa na hotuba za Julai. Kitaingia siku mwanafunzi wa fizikia, baada ya kukwama katika kitabu chake cha Kiingereza, atakapokwenda maktabani kutafuta maelezo ya Kiswahili kwa sababu anajua ni mazuri zaidi. Maelezo hayo hayajaandikwa, na walio na kalamu wanajulikana.